Baragumu Lililotunzwa na Deni la Muuzaji

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali isikikayo kila siku sokoni, na kwa samaki, embe au kanga ina ukweli mwingi: samaki hujulikana kwa jicho lake, embe kwa harufu yake, na kanga kwa kukunjuliwa na kuinuliwa kwenye mwanga. Lakini viko vitu ambavyo wema wake na ubaya wake umo ndani, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki, na anayeujua ni mtu mmoja tu, naye ndiye anayeuza. Kwa vitu vya namna hiyo methali ya kwanza haitoshi. Haina budi kufuatwa na ya pili, isemayo kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na hapo ndipo linapozuka swali la zamani la maadili: je, mwenye nyumba ana wajibu wa kuufungua mlango kwa hiari yake, au ana haki ya kukaa kimya mpaka mgeni autafute ufunguo mwenyewe?

Swali hilo laweza kupimwa kwa kitu kisichozoeleka sana visiwani, lakini ambacho ni riziki ya watu wengi katika okestra za Ulaya na Marekani. Nacho ni lile baragumu la shaba liitwalo baragumu la Kifaransa, pale mwenyewe anapoamua kuliuza baada ya kulipiga miaka mingi, akaandika katika tangazo lake kwamba limetunzwa vyema.

Watu wa pwani wana siwa. Zile mbili zilizo mashuhuri, ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba, hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na hazina vitufe wala mirija ya kuongeza. Siwa haikuwa bidhaa. Ilitolewa kwa harusi na kwa sherehe za wenye haki nayo, kisha ikarudishwa mahali pake. Hakuna aliyefikiri kuipigia bei. Baragumu la Kifaransa ni ndugu wa mbali wa ukoo huo, ila maisha yake ni mengine: hununuliwa, huzeeka katika mikono ya mtu mmoja, kisha huuzwa kwa mwingine. Asili yake ni mrija uliokunjwa duara, chombo cha wawindaji wa Ufaransa wa karne ya 17. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walibuni vali, na kwa vali hizo mpigaji akaweza kuurefusha na kuufupisha mrija kwa vidole. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo Fritz Kruspe wa Erfurt alitengeneza baragumu pacha, mirija miwili ndani ya mwili mmoja: mmoja wa karibu mita 3.7, wa pili wa karibu mita 2.75, na vali ya kidole gumba ya kuihamisha pumzi kutoka mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo hata jina la chombo lina walakini, kwani hicho kiitwacho cha Kifaransa, kwa sura yake ya leo, ni kazi ya Wajerumani kwa sehemu kubwa. Karakana ya Alexander mjini Mainz, iliyoanzishwa mwaka 1782, hadi leo inaunda aina yake ya 103, iliyotoka kwanza mwanzoni mwa karne ya 20.

Chombo kipya cha daraja la wapigaji wa kulipwa huuzwa kwa maelfu ya dola, na aghalabu bei hukaribia 10,000 au hupita. Mwanafunzi wa muziki hana fedha hizo. Kwa hiyo hutafuta lililotumika, na macho yake huyatafuta yale maneno mawili: limetunzwa vyema.

Kasoro za baragumu ni za siri. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Pumzi ya mpigaji huingia na unyevu wake, na unyevu huo kwa miaka mingi huila zinki kutokea ndani, hasa katika mrija wa mwanzo unaopokea kipulizio. Nje mrija huendelea kung'aa. Dalili yake ni vidoa vidogo vya rangi ya waridi, na vidoa hivyo vinapoonekana, maradhi yameshapenya kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili. Vali nazo huzunguka ndani ya vyumba vyake zikiwa zimeachiwa nafasi ndogo mno. Zikisagika, hewa hupenya na sauti hupoteza kiini chake. Ajuaye kupima huvuta mrija mdogo wa vali bila ya kukibonyeza kitufe, akasikiliza kama utatoa mlio wa kufyatuka unapochomoka; usipotoa, hewa imekwisha pata njia ya kupita. Kipimo hicho ni rahisi, lakini kijana anayenunua kwa mara ya kwanza hakijui. Ama mabonyeo, mafundi huyanyoosha kwa ustadi hata pasibaki alama ya kuonekana, ila shaba kila inaponyooshwa hutanuka na kuwa nyembamba pale pale.

Na afikiriwe basi mpigaji mmoja wa okestra katika mji wowote wa Ulaya, aliyelishika baragumu lake kwa miaka 30 na sasa anastaafu. Yeye anajua kwamba katika mwaka fulani lilianguka kutoka juu ya kiti wakati wa mazoezi, na mdomo wake mpana ukanyooshwa na fundi. Anajua kwamba mrija wa mwanzo si ule uliotoka nao kiwandani. Anajua kwamba vali ya tatu inavujisha hewa kidogo, na kwamba uvujaji huo umeongezeka. Na liko jambo jingine ambalo analijua kwa mwili kuliko kwa akili: noti moja ya juu hupanda kuliko inavyostahili, naye huishusha kwa mkono wa kulia, ambao mpigaji wa chombo hiki huuweka ndani ya mdomo mpana. Amefanya hivyo kwa muda mrefu hata hahisi tena kwamba anafanya. Akiulizwa kama noti zote zimekaa sawa, atajibu kwa moyo safi kuwa zimekaa sawa. Mkono wake umeificha kasoro hiyo hata kwake mwenyewe.

Hapo ndipo maneno yale mawili yanapogeuka maana. Kwa kawaida husomwa kama sifa ya kitu, sifa inayopandisha bei. Lakini kutunza ni kujua. Aliyetia mafuta vali zake kila wiki, akaosha mirija, akampelekea fundi chombo chake mwaka baada ya mwaka na kumsikiliza alichosema, amejikusanyia elimu ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Mrithi aliyelikuta baragumu la babu yake ndani ya sanduku lenye vumbi anaweza kusema hakujua kitu, na akaaminiwa. Mtunzaji hawezi. Kadiri utunzaji wake ulivyokuwa mkubwa ndivyo udhuru wake unavyokuwa mdogo. Anapoandika kuwa chombo kimetunzwa vyema anaitangaza elimu yake pamoja na chombo, na anamwalika mnunuzi aitegemee. Maneno hayo ni ahadi ya kusema, na ahadi ni deni.

Swali hili halikuanza na mabaragumu. Mnamo mwaka 44 kabla ya kuzaliwa kwa Isa, Cicero wa Roma aliandika kitabu juu ya wajibu, na katika sehemu yake ya tatu alisimulia hitilafu ya wanafalsafa wawili wa madhehebu moja, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mfano mmoja waliouzungumza ni wa mtu anayeuza nyumba yenye mbao mbovu, isiyo salama kwa afya, na yenye nyoka katika vyumba vya kulala, mambo ambayo hakuna ayajuaye isipokuwa mwenyewe. Diogenes aliona kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu. Aliye na akili zake achunguze, na hata anayetangaza kuwa nyumba yake ni nzuri na imejengwa vyema hahesabiwi kuwa mdanganyifu kwa maneno ya sifa tu. Antipater aliona kinyume: kumwacha mnunuzi aingie katika hasara kwa kutojua ni sawa na kumwona mtu amepotea njia ukakataa kumwelekeza, tena ni kubaya zaidi, kwa kuwa humpoteza kwa makusudi. Cicero alimuunga mkono Antipater. Alikubali kuwa kunyamaza tu si kuficha, kwani mtu halazimiki kumweleza kila mpita njia kila ajualo; kuficha ni kutaka, kwa ajili ya faida yako, wale ambao jambo linawahusu wasilijue.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda hadi Roma kuipata hukumu hiyo. Kila aliyekaa darasani mbele ya mwalimu wake amesikia habari ya Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta maji. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule ulowevu juu, watu wakauona. Kisha likatolewa lile onyo zito juu ya mwenye kughushi. Mtu yule hakusema uongo wowote. Hakuulizwa na mnunuzi, wala hakujibu kwa hila. Kosa lake lilikuwa ni mpango wa rundo lake: kikavu juu, kibichi chini.

Wanazuoni waliojenga juu ya mafunzo hayo walimpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye kasoro aliyofichwa, na madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa mwambao, yalikwenda mbali zaidi. Yalimlazimisha kusema si muuzaji peke yake, bali hata mtu wa pembeni aliyeijua kasoro na akamwona mwenzake anainunua. Wala sharti la kuuza kitu kama kilivyo, kwamba muuzaji asidaiwe lolote baadaye, halikumwokoa aliyejua. Walilikubali kwa mnyama tu, katika maradhi ya ndani ambayo mwenyewe hakuyafahamu. Ni kweli kwamba wanazuoni wana maneno yao juu ya vyombo vya muziki vyenyewe, na hapa si pahala pa kuyaamua. Kanuni ya kasoro inakigusa kila kiuzwacho, kiwe mashua, cherehani au punda. Tena katika Kiswahili cha kale, kama katika Kiarabu kilikotoka neno hilo, aibu ni ila iliyomo katika kitu, na vile vile ni fedheha impatayo mtu. Lugha imeliweka somo zima ndani ya neno moja. Aibu ya bidhaa ikisemwa hubaki kuwa ya bidhaa. Ikifichwa humhamia mwenye kuificha.

Muuzaji ana hoja zake, na si haki kuzipita bila kuzisikiliza. Ya kwanza ni kwamba kila kikuukuu kina ila, na akianza kuzihesabu zote, mikwaruzo na madoa, mnunuzi atakimbia kwa hofu ya vitu visivyo na uzito. Hoja hii ina ukweli wake, na ndiyo maana fikihi haikuiita kila alama kasoro. Iliangalia kile kinachopunguza thamani au kinachoharibu matumizi yaliyokusudiwa. Sehemu iliyofifia kwa jasho la kiganja ni alama ya umri na kila mtu anaiona. Vali inayovuja ni kasoro.

Hoja ya pili ni kwamba mnunuzi ana masikio na midomo yake, basi na apige ajionee. Na desturi ya wapigaji wengi ni hiyo, kumwachia mnunuzi chombo kwa siku kadhaa kabla ya fedha kulipwa, jambo linalofanana na ile khiyari ya siku 3 wanayoijua wanafunzi wa fikihi. Ni desturi njema, kwa kuwa huziba pengo ambalo hata muuzaji mkweli hawezi kuliziba: ile noti iliyofichwa na mkono wake mwenyewe itajifichua kwa mkono wa mwingine. Lakini majaribio hayachukui nafasi ya kauli. Siku 3 au 7 hazimfunulii kijana kile ambacho mwenzake amekijua kwa miaka 30.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Anayestaafu si tajiri. Baragumu lile ni sehemu ya kiinua mgongo chake, na kila kasoro anayoitaja inamwondolea fedha. Kwa nini ukweli ulipiwe na yeye peke yake, ilhali soko limejaa wanaonyamaza? Swali hili lina jibu kutoka kwa wachumi. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof alichapisha makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu walioshirikiana Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Alionesha kwamba pale mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, huogopa, na kwa woga wake hutoa bei ya wastani kwa yote. Bei hiyo ni ndogo kwa mwenye kitu kizima na ni kubwa kwa mwenye kibovu. Basi wenye vizima hujitoa polepole, na soko huachiwa wenye vibovu. Katika soko la namna hiyo chema hakijiuzi kamwe. Kibaya ndicho kinachokifukuza. Mtunzaji aliyelipwa kidogo kwa chombo kilicho safi kweli ameibiwa, na waliomwibia ni wale waliouza kabla yake wakiandika maneno yale yale mawili. Akinyamaza naye, anamwachia deni hilo hilo mtunzaji atakayekuja baada yake.

Iko njia nyingine ya kusema uongo ambayo haihitaji hata maneno, nayo ni kung'arisha. Baragumu kuukuu huweza kupelekwa kwa fundi likasuguliwa kwa mashine, likapakwa vanishi mpya, likarudi kama lililotoka kiwandani jana. Lakini msuguo huo huondoa shaba pamoja na uchafu. Wenye uzoefu hulitambua baragumu hilo kwa maandishi yaliyochongwa juu yake, ambayo hufifia na kupoteza kingo zake. Huo ni mpango wa rundo la chakula: kikavu kimewekwa juu. Kinyume chake, jeraha lililosemwa halimwaibishi mtu. Dennis Brain, mpigaji mashuhuri wa Uingereza, alikufa katika ajali ya gari tarehe 1 Septemba 1957, na baragumu lake la Alexander lililokuwamo garini lilipondeka vibaya. Karakana ya Paxman ya London ililirudisha katika umbo lake, na likawekwa katika chuo cha Royal Academy of Music. Kwa ustadi kama huo, chombo kilichopondeka chaweza kusimama mbele ya mtu asijue kilichokipata. Hilo la Brain linaheshimiwa na historia yake yote ikiwa wazi, na hakuna aliyeona haja ya kulinyamazia.

Hadi hapa mizani imekuwa ya fedha. Ipo hasara nyingine, na wanaoandika juu ya biashara ni nadra kuitia katika hesabu. Baragumu la Kifaransa ni chombo kigumu kuliko vingi vya shaba. Mrija wake ni mrefu, na mpigaji hufanya kazi katika sehemu ya juu ambako noti za asili zimesongamana. Midomo ikikosea kidogo tu, noti ya jirani huitika badala ya ile iliyokusudiwa. Hata mabingwa huteleza mbele ya hadhira, na wasikilizaji wao wamezoea kuwasamehe. Kwa sababu hiyo mwanafunzi aliyeuziwa baragumu linalovuja halilaumu baragumu. Hujilaumu mwenyewe. Noti inapokatika anadhani midomo yake ni dhaifu. Sauti inapokosa kiini anadhani pumzi yake ni fupi. Huongeza saa za mazoezi, hubadilisha mkao wa midomo, hujifunza kuizunguka kasoro asiyoijua, na tabia hiyo huota mizizi. Mwalimu wake naye humsahihisha kwa kosa ambalo si lake. Na huenda baada ya miaka miwili au mitatu akahitimisha kwamba hakuumbwa kwa kazi hii, akaiacha.

Mtu huyo hakudhulumiwa fedha tu. Amedhulumiwa habari za nafsi yake. Kila mwenye kujifunza fani, awe mshairi anayehesabu mizani au fundi seremala anayepiga randa, hujijua kwa njia ya chombo anachokitumia. Chombo kikimdanganya, hawezi tena kujua uwezo wake unaishia wapi na ubovu wa chombo unaanzia wapi. Muuzaji aliyenyamaza hatakuwapo siku hiyo, na pengine fedha alizozipata zimekwisha kitambo. Hilo ndilo linaloifanya kasoro ya chombo cha kujifunzia kuwa nzito kuliko kasoro ya nyumba. Anayeng'atwa na nyoka katika nyumba aliyouziwa hujua kwamba ni nyoka.

Ikiwa elimu ndiyo inayozaa deni, basi deni hilo haliwezi kumfunga muuzaji peke yake. Iko siku ambayo ajuaye ni mnunuzi. Kampuni ya Conn ya Marekani ilikuwa ikitengeneza mabaragumu yake ya aina ya 8D katika mji wa Elkhart, Indiana, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ilipohamishiwa Abilene, Texas. Wapigaji wengi huyapenda zaidi yale ya Elkhart, huyatambua kwa namba iliyopigwa kiwandani, na huyalipia zaidi. Na afikiriwe mjane anayeuza baragumu la marehemu mumewe, asiyejua maana ya namba ile, akataja bei ndogo; na mbele yake amesimama mpigaji aliyeisoma namba mara moja, moyo ukamwenda mbio. Je, alipe bei iliyotajwa, aondoke akijipongeza?

Cicero, katika kitabu kile kile, alimtaja Quintus Scaevola aliyetaka kununua shamba, akatajiwa bei, akasema yeye analithamini zaidi ya hapo, akaongeza sesta 100,000. Na katika mapokezi ya Kiislamu imesimuliwa kuwa Jarir bin Abdillahi alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwambia mwenyewe kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akaendelea kuipandisha bei hadi 800. Watu hawa wawili, wa dini mbili na zama mbili, waliuona mpaka ule ule. Hawakukataa faida, kwani biashara bila faida ni sadaka, na sadaka ina mlango wake. Walikataa faida ambayo chimbuko lake lote ni ujinga wa mwenzao.

Basi mpigaji anayestaafu afanye nini? Yako mambo yaliyo katika uwezo wake, na hayahitaji ushujaa. Achukue daftari na aandike: mwaka wa kununuliwa, mwaka wa kuanguka, mwaka wa kubadilishwa mrija, majina ya mafundi na walichokifanya, vali inayovuja na kiasi inavyovuja. Aombe fundi asiyekuwa na maslahi alipime, na karatasi ya kipimo aiweke pamoja na daftari. Amwite mpigaji mwingine alipige mbele yake, yeye akae kitini na kusikiliza, ili masikio yake yamwambie kile ambacho mkono wake umekuwa ukimnyamazia. Kisha ataje bei, na bei hiyo isione haya kuwa nzuri, kwa kuwa matunzo ya miaka 30 ni kazi na kazi ina ujira. Wahenga walionya kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakimwonya mwenye mali. Onyo hilo linamfaa pia anayemwachia mwingine mali hiyo.

Huenda atapata fedha pungufu. Huenda mnunuzi wa kwanza ataisoma karatasi, atashukuru na kwenda zake. Wa pili atauliza gharama ya kuitengeneza vali ya tatu, atatoa hesabu yake, na watapatana. Siku atakapolichukua, kijana huyo atakuwa amebeba sanduku mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Na usiku noti ya juu itakapompanda, hatadhani kwamba midomo yake imemsaliti. Atafungua ukurasa, ataona kwamba aliyemtangulia alipita hapo hapo, na atausogeza mkono wake ndani kidogo.